Sega la Subilaga

Kwa mujibu wa mila, desturi na kamati ya nidhamu ya Shule ya Wasichana Ihembe, mtu wa mwisho duniani aliyestahili kupika sega la marehemu alikuwa Tumpale Kyando wa kidato cha tano. Alikuwa na barua tatu za onyo. Ya kwanza ilihusu kengele ya alfajiri, iliyokutwa ndani ya pipa la uji. Ya pili ilihusu mbuzi wa makamu mkuu wa shule, aliyekutwa paredi amevaa tai ya dada mkuu. Ya tatu haikutaja kosa, kwa sababu walimu walishindwa kuliandika bila kucheka.

Hata hivyo Subilaga Mwakalinga, alipolazwa kwenye chumba cha wagonjwa, midomo imegeuka rangi ya zambarau, hakumwita dada mkuu wala mwenyekiti wa kwaya. Alimwita Tumpale, rafiki yake tangu kidato cha kwanza na mshitakiwa mwenzake katika lile shauri la mbuzi.

"Utanipikia wewe," alisema.

"Nikupikie nini? Kande?"

"Sega."

"Acha uchuro, Subi."

"Siyo uchuro. Daktari aliongea na mama kwa sauti ya chini. Ukiona watu wanaongea kwa sauti ya chini mbele yako, ujue habari ni zako."

Tumpale alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila ukungu na miti ya misindano. Moyo wa Subilaga ulizaliwa na mlango mmoja usiofunga sawasawa. Shule nzima ilijua. Ndiyo maana hakukimbia mchakamchaka, na ndiyo maana katika kila utundu yeye alikuwa mtu wa kupanga na Tumpale mtu wa kukimbia.

"Mbeya yanauzwa," Tumpale alisema. "Yamefungwa vizuri, yana utepe."

"Sega la dukani ni kama chakula cha kununua msibani. Watu watakula, lakini watakusema."

"Na mimi je? Nitatia pilipili."

"Tia. Mama atapiga chafya arobaini nzima, nami nitacheka hukohuko nitakakokuwa."

Alicheka kidogo kuonyesha namna atakavyocheka, akakohoa, akafumba macho. Tumpale akashika kidole chake kimoja, cha mwisho, kwa sababu kushika mkono mzima kungekuwa kukubali.

Enzi hizo hakuna nyumba ya nyanda za juu iliyozika mtu bila sega. Mgonjwa akizidiwa, kifuko cha unga mweupe kiliwekwa chini ya kisogo chake, na unga ukainywa harufu yake taratibu: nywele, jasho, ngozi, yale mafuta ya mwili ambayo kila mtu anayo ya kwake. Akifa, kifuko kilifungiwa ndani ya kichupa kwa nta. Siku ya arobaini familia ilibandua nta, ikakipasha kichupa joto kwa viganja, na marehemu akarudi kwa muda wa pumzi chache. Mara moja tu. Baada ya hapo waliobaki waliruhusiwa kunyoa, kucheka na kugombana tena kama binadamu. Desturi ilitaka mpishi asiwe mtu wa damu, awe amempenda mgonjwa, na akitunze kichupa mwenyewe mpaka siku hiyo.

Tumpale alitimiza masharti yote. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mpishi asiwe na njaa.

*

"Sega ni jengo," alisema Mwalimu Chaula wa kemia, mtu mrefu aliyevaa koti la maabara hata kanisani. "Vifundo vya madini, nguzo za kaboni kati ya kifundo na kifundo, vyumba katikati. Vyumba vidogo kiasi kwamba kijiko kimoja cha unga huu, ukizitandaza kuta zake zote, utafunika uwanja wa netiboli mara kadhaa. Sasa niambie: sega zuri ni lipi?"

"Lisilo na kasoro, mwalimu."

"Hilo ni zuri kwa kutazama. Milango yake ni myembamba. Litanywa maji na hewa, lakini harufu ya mtu ni molekuli nene, zenye mafuta. Zitapiga hodi zitachoka. Mpishi lazima aziache nguzo kadhaa nje makusudi. Tisa katika kila mia. Pale penye nguzo pungufu ndipo marehemu anapoingilia."

"Na zikipungua ishirini?"

"Paa linaanguka. Ukilikausha tu, vyumba vyote vinakaliana. Na kwa macho hutajua, maana unga utabaki mweupe vilevile."

Alimwonyesha chupa ya asidi ya siafu. Kazi yake, alieleza, ni kugombea nafasi na nguzo. Inawahi kwenye vifundo na kukaa, kama watoto wa kidato cha kwanza wanaokalia viti vya kidato cha sita bwaloni: wamejaa, wametulia, lakini hawabebi chochote. Kisha joto linafanya kazi yake. Saa baada ya saa nguzo zilizochelewa zinafika, zinaiondosha asidi kitini, zinakaa zenyewe. Ukipima asidi sawasawa, ukashika nyuzi mia na ishirini kwa saa ishirini na nne, halafu ukaliacha lipoe pamoja na tanuri, yanabaki mapengo tisa. Usipotimiza saa hizo, yanabaki mapengo ya kumwaga.

"Saa nne za mwisho ndizo zinazojenga," alisema. "Kabla ya hapo una uchafu unaofanana na sega. Na tanuri likiwaka mpishi haondoki. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, mwalimu."

Na kweli alieleweka. Hili ni lazima liwekwe wazi, kwa kuwa baadaye Tumpale angependa sana iwe hakuelewa.

Aliwasha tanuri Alhamisi saa kumi na moja jioni. Alipima asidi mara tatu. Alilala juu ya meza ya maabara, kichwa kwenye daftari, akiamka kila saa kutazama nyuzi. Asubuhi alikunywa uji aliopelekewa dirishani. Hakuna mpishi aliyewahi kuwa na adabu kama ile.

Ijumaa saa saba mchana kengele ya bwalo iligongwa.

Ijumaa Ihembe ilikuwa siku ya wali na nyama. Siku nyingine sita zilikuwa za ugali na maharage yenye wadudu waliojulikana kwa majina. Anayechelewa Ijumaa alikuta mchuzi, na anayechelewa zaidi alikuta sufuria na mpishi anayecheka. Maabara ilikuwa mkabala na jiko. Harufu iliingia kupitia kioo kilichovunjika, ikapita juu ya mizani, ikakaa.

Historia hupenda sababu kubwa. Tungeweza kusema Tumpale alizimia, au alipokea habari mbaya, au umeme ulikatika. Umeme haukukatika. Alihesabu: saa ishirini zimepita, zimebaki nne, mtu aliyefika Njombe akitokea Mbeya ameshafika Iringa, kwa namna fulani. Akazima tanuri. Akakichovya chombo cha moto kwenye beseni la maji baridi ili kiwahi kupoa, kikalia *chwaa*. Akaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: *saa 24*. Akakimbia.

Alipata kipande kikubwa kuliko kibiriti, chenye mfupa.

Jumatatu kifuko kilikuwa chini ya kisogo cha Subilaga, ambaye tayari alikuwa amehamishiwa hospitali. Jumatano ya wiki ya pili kilitolewa. Tumpale alikifungia kichupani, akakiziba kwa nta kwa mikono yake, na kwa siku thelathini na saba alikitunza kwenye kabati la maabara. Kila jioni alikwenda kukisalimia. Alikisimulia habari za bweni. Mara moja alikisomea barua ya onyo ya nne.

*

Siku ya thelathini na saba Mwalimu Chaula alisema kwamba kabla sega halijasafiri ni vizuri kujua hali yake. Hakukifungua kichupa. Alichukua mabaki ya unga uleule, yaliyobaki kwenye chombo, akayaweka kwenye mashine ya miale, ile inayosoma mpangilio wa vyumba.

Sega zima hutoa mstari wenye meno, kama kitana. Karatasi iliyotoka ilikuwa na kilima kimoja tu, cha mviringo, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala.

"Labda mashine," Tumpale alisema.

Mwalimu alikiweka kichupa juu ya mizani, akafungua daftari kwenye ukurasa wa siku kilipofungwa, akalinganisha na uzito wa kifuko, kichupa na nta kabla havijaenda hospitali. Zilikuwa tarakimu zilezile mpaka ya mwisho. Siku tisa chini ya kichwa cha Subilaga, na unga haukuwa umenywa hata chembe.

"Lilikaa saa ngapi?"

"Ishirini na nne. Imeandikwa hapo."

"Sikuliuliza daftari."

Nje wasichana wa kidato cha pili walikuwa wakiimba wakichota maji. Tumpale aliwasikiliza ubeti mzima.

"Ishirini," alisema.

"Kulikuwa na nini saa nne zilizobaki?"

"Wali."

"Wali?"

"Na nyama, mwalimu."

Alisubiri kelele. Alikuwa fundi wa kusubiri kelele. Alijua namna ya kuinamisha kichwa, namna ya kuhesabu vifungo vya shati la mwalimu mpaka ziishe. Mwalimu Chaula alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena.

"Mama yake anamjua mpishi ni nani?"

"Anajua."

"Basi maneno pia ni ya mpishi," alisema. "Mimi siwezi kukusemea. Nenda kale."

Hakwenda kula. Usemi huo, ukitamkwa juu ya Tumpale Kyando, ulikuwa haujawahi kuandikwa katika lugha yoyote.

*

Wazo lilimjia huku akitandika kitanda, na lilikuwa kubwa kuliko kengele, kuliko mbuzi. Lilimtisha kwa ubora wake.

Sweta la Subilaga lilikuwa bado ndani ya tranka, chini ya vitabu. Tumpale alilitoa, akazika uso. Mafuta ya nazi, moshi wa misindano, dawa ya kifua, na chini ya hivyo vyote kile kitu kisicho na jina. Alibaki humo muda mrefu.

Kisha akarudi maabara na kuwasha tanuri.

Safari hii alikaa. Kengele ililia, akakaa. Ililia tena, akakaa. Alisikia vijiko bwaloni. Kwenye saa ya ishirini alisimama akaweka kiganja kwenye mlango wa tanuri, nje, penye joto la kuvumilika, na akajaribu kuwaza vile viti vidogo visivyoonekana, asidi inavyoinuka, nguzo zinavyofika moja moja na kukaa. Aliliacha lipoe lenyewe. Alilipima: kitana kilichojaa meno, na mapengo tisa katika mia, sawa na kitabu. Lilikuwa sega bora zaidi lililowahi kupikwa Ihembe. Alilifunga ndani ya sweta, kwenye joto kidogo, usiku na mchana, na mizani ikakubali kwamba limekunywa.

Lilikuwa na tatizo moja. Kwa miaka minne Tumpale na Subilaga walikuwa wakibadilishana masweta ili Matroni asijue nani yupo na nani hayupo wakati wa kuhesabiwa. Mwishoni hata wao hawakujua lipi la nani. Na mtu hawezi kujinusa mwenyewe. Ndani ya lile sega kulikuwa na Subilaga, na kulikuwa na mwingine, na pua pekee ambayo isingeweza kuwatenganisha ilikuwa ya Tumpale.

Alikiziba kichupa cha pili kwa nta. Vilifanana kama mapacha. Cha kwanza akakiweka mfuko wa kushoto, cha pili wa kulia.

*

Basi la kwenda Lugombo, kwao Subilaga, lilijiendesha lenyewe bila dereva, ila lilikuwa na kondakta, kwa kuwa abiria walikataa kusafiri bila mtu wa kugombana naye. Tumpale hakugombana na mtu.

Nyumbani kwa akina Subilaga turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta hadi migomba. Mama Subilaga, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cheusi, alikuja mwenyewe njiani.

"Mpishi amefika."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo nikunawishe."

Hiyo pia ilikuwa desturi: mama wa marehemu alinawisha mikono iliyopika. Waliingia jikoni wawili tu, mlango ukarudishwa. Mama alimimina maji ya vuguvugu kutoka kwenye birika, akasugua kiganja kimoja, kidole baada ya kidole, kama mtu anayemnawisha mtoto mdogo.

"Alisema utatia pilipili," mama alisema.

"Alikwambia?"

"Siku ya mwisho. Nilidhani ni homa. Alicheka mpaka nesi akaja." Akahamia kiganja cha pili. "Lilikusumbua kulipika?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema *hapana mama* na kuingiza mkono mfuko wa kulia. Tumpale alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo tangu alfajiri, na uso wake pia. Alikuwa amedanganya walimu kumi na mmoja, viranja wasio na idadi na askofu mmoja. Lakini hakuna kati yao aliyewahi kuwa anamsugua kucha.

"Halina kitu," alisema.

Maji yaliendelea kumiminika.

"Nililitoa mapema, mama. Saa nne kabla. Vyumba vikaanguka. Halikumnywa hata kidogo. Nimelipima. Hayumo."

"Kwa nini ulilitoa?"

"Kengele ilikuwa imelia. Ilikuwa Ijumaa. Kulikuwa na wali na nyama."

Mama Subilaga alimimina mpaka birika likaisha, akaliweka chini polepole.

"Ulishiba?"

Swali halikuwa na hasira. Lingekuwa na hasira angelipokea.

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Alichukua kanga akamfuta mikono. Tumpale alikuwa analia kwa namna mbaya, ya makamasi, akazungumza humohumo: kichupa cha pili, tanuri, sweta, Matroni, masweta yaliyobadilishana. Alivitoa vyote viwili na kuviweka juu ya kinu. Mama alikiinua kile cha pili, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Humu yupo?"

"Yupo. Na mimi nipo. Sijui nani yupo zaidi."

"Ndiyo maana ukampa mwenzio mafua kila mwaka." Alikitazama muda mrefu sana, hata kidole gumba chake kikaanza kuikwangua nta bila yeye kujua. Kisha akakiacha. Akakirudisha kwenye kiganja cha Tumpale, akakifumba kiganja hicho kwa mkono wake. "Nikivuta hiki nitamlilia nani? Nusu yake imesimama mbele yangu inatetemeka. Siwezi kumlilia mtu aliye hai. Mungu atachukia."

"Basi nitoke niwaambie watu. Niwaambie wote."

"Umeona baba yake pale nje?"

Tumpale alikuwa amemwona. Mzee Mwakalinga alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

"Tangu tumzike hajalia," mama alisema. "Hali vizuri, halali. Anasema anasubiri arobaini. Siku arobaini ameibeba hiyo huzuni, anasubiri mahali pa kuitua. Nikamwambie leo kwamba mahali penyewe hapapo?"

"Lakini ni uongo, mama."

"Na wewe ndiye unayeniambia hivyo?" Kwa mara ya kwanza kitu kama kicheko kilipita usoni mwake, kikapotea. Alikichukua kichupa kisicho na kitu. "Umeshasema ya kwako. Ni vizuri. Sasa nyamaza."

*

Walisimama duara. Mama Subilaga aliibandua nta, akakipasha kichupa katikati ya viganja, akakifungua, akakileta puani. Alivuta pumzi moja, ndefu. Duara zima lilimtazama. Katika desturi hiyo kila anayevuta husema maneno mawili, na baada ya hayo hakuna anayeuliza.

"Ni yeye," alisema.

Akampa mumewe. Mzee Mwakalinga alikishika kwa mikono miwili, akainama juu yake. Hakuna kilichotokea. Tumpale aliona mgongo wa koti lake ukiwa umetulia kabisa, akafikiri: amejua. Kisha mabega yakaanza.

"Ametoka kuoga huyu," mzee alisema. "Mama Subi, ametoka kuoga sasa hivi." Akalia kwa sauti, mdomo wazi, wanaume wawili wakamshika asianguke.

Bibi alivuta. Ni yeye. Shangazi alivuta, akasema mafuta ya nazi hayo, ni yeye. Wadogo wawili wa Subilaga walivuta kwa zamu, mmoja akakunja uso kidogo, akamtazama mama yake, akasema ni yeye. Kichupa kilizunguka duara lote na kila aliyekipokea alimkuta mtu ndani.

Mpishi huwa wa mwisho. Tumpale alivuta. Kulikuwa na ubaridi wa kioo, na unga, na ukali mdogo wa asidi ambao hakuna mwingine pale angeutambua. Alivuta tena, zaidi, mpaka kifua kikamuuma, akitafuta hata pembeni, hata kwenye chumba kimoja ambacho labda hakikuanguka. Mama Subilaga alikuwa anamtazama kutoka upande wa pili.

"Ni yeye," Tumpale alisema.

Watu walimwamini palepale.

Jua liliposogea na wageni kuanza kuaga, aliingia jikoni kuchukua begi lake. Alidhani hakuna mtu. Mama Subilaga alikuwa amesimama nyuma ya mlango, peke yake, uso ukutani, kichupa kilekile kisicho na kitu kikiwa puani. Alikuwa amefumba macho. Alivuta, akasubiri, kichwa kimeinama kama anayesikiliza. Akakipasha tena kwa viganja, kwa bidii, akapulizia vidole, akavuta tena.